Namtafsiria mama mchambuzi wa Marekani, sasa hapokei Komunyo kwa jirani

BARUA

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 42, naishi Houston, Texas, na kazi yangu ni kutunza wazee zamu ya usiku. Kwetu ni Kilimanjaro. Safu hii huwa naisoma kazini wazee wakishalala. Leo nimeamua kuandika kwa sababu huku sina wa kumweleza haya kwa Kiswahili akanielewa, na nyumbani kila ninayezungumza naye tayari ana upande wake.

Nilipokuja huku imani yangu ilipoa. Zamu za wikiendi, watoto wadogo, parokia kubwa unayoingia na kutoka bila mtu kukuuliza jina. Nikawa mtu wa Misa ya Krismasi na Pasaka. Korona ilipofunga makanisa mwaka 2020, nikakutana YouTube na mchambuzi mmoja wa mambo ya Kanisa. Ni mlei, yaani si padre wala mtawa, Mmarekani, ana mke na watoto. Jina lake naliacha. Alikuwa akieleza Misa hatua kwa hatua: kwa nini tunapiga magoti pale, kwa nini padre anatia tone la maji kwenye divai, toharani ni nini. Hayo katekista alitukaririsha utotoni na mtihani tukapasi, lakini kuyaelewa nimeyaelewa ukubwani, kwa yule bwana. Nikaanza kusali rozari kwenye gari nikitoka zamu. Nikaenda kuungama baada ya miaka mingi. Watoto wangu wamepokea Komunyo ya Kwanza kwa sababu yake, na hilo nalisema bila haya.

Kadiri muda ulivyokwenda, mafundisho yalipungua na magomvi yakaongezeka. Mwaka 2021 Papa Fransisko alipoibana Misa ya Kilatini ya zamani, kila kipindi kikawa hicho. Novemba 2023 Askofu Strickland wa Tyler, jimbo la hapa hapa Texas, alipoondolewa na Papa, mchambuzi wangu alilia laivu. Mwezi uliofuata Vatikani ikatoa waraka kuhusu baraka, uliogusa hadi watu wa jinsia moja wanaoishi pamoja, basi ndio ikawa moto. Kuna siku alisema huyu si Papa, kesho yake akasema hakusema hivyo. Papa Leo alipochaguliwa Mei 2025 alimsifu siku chache, maana ni Mmarekani mwenzake, kisha akarudi kule kule. Mimi bado namsikiliza.

Sasa nije kwa mama. Mama ni mjane, ana miaka 71, WAWATA damu, ule umoja wa wanawake Wakatoliki. Baba alipofariki, simu zetu zilibaki za dawa za presha na bei ya kahawa. Nikaona nimtafsirie vipindi vya yule bwana. Kila Ijumaa narekodi voisi, dakika kumi au zaidi kidogo, namtumia WhatsApp. Alizipenda mno! Anazisikiliza akichambua maharage, anazirudia, halafu anazipeleka kwenye grupu la jumuiya, wale majirani tunaosali nao nyumba kwa nyumba. Nilikuja kusikia zimefika hadi kigango cha pili, na kuna watu wananiita mwalimu wa Marekani.

Mwaka huu nilitafsiri kipindi kinachosema mlei kugawa Komunyo, na muumini kuipokea mkononi, ni kumkufuru Yesu. Pale kwetu mhudumu wa Ekaristi ni jirani yetu wa mpaka mmoja, mtu aliyempeleka mama hospitali kwa pikipiki yake usiku wa mvua. Jumapili iliyofuata mama alikuwa kwenye mstari wa jirani huyo. Alipofika mbele akafunga mdomo, akakunja mikono kifuani, akakatiza katikati ya kanisa kwenda upande wa padre, akapiga magoti sakafuni. Jirani alibaki ameshika hostia, mkono juu, mtu wa nyuma naye hajui aende mbele au asubiri. Kanisa zima lilikuwa linaangalia. Haya nimesimuliwa na kaka yangu, maana mama mwenyewe alinieleza kwa furaha kwamba "leo nimemtetea Yesu".

Tangu siku hiyo jirani hajakanyaga kwetu. Akina mama wengine wanne wamemfuata mama. Zamu ya jumuiya ilipofika nyumbani kwa jirani, hao watano hawakwenda. Paroko akamwita mama ofisini, na mama anasema alisemeshwa kama mtoto. Kisha paroko akatangaza kanisani kwamba watu waache kuleta dini za YouTube. Hakutaja jina, lakini nani asiyejua?

Kaka, ambaye ndiye anakaa na mama, alinipigia kwa hasira. Aliniambia: "Wewe unarusha maneno kutoka huko, sisi ndio tunaoishi na hawa watu. Ng'ombe akishindwa kuzaa usiku, nimwamshe nani, huyo Mmarekani wako?"

Mimi sioni nilipokosea. Nimetafsiri tu, sikuongeza neno. Na mengi anayoyasema yule bwana ni kweli. Kuna maaskofu waliofunika uchafu, dunia nzima inajua. Nilimwendea padre wa parokia yangu ya hapa nikamuuliza kama nimsikilize au nimwache. Alicheka, akasema niachane na vichaa. Nilitoka pale nimeishiwa nguvu. Aliyenirudisha kanisani ni kichaa?

Naomba mnisaidie. Je, ni dhambi kumsikiliza? Nikiacha kumtumia mama voisi, nitamwambiaje? Na nikinyamaza, je, huo si woga?

Binti wa Kilimanjaro, Houston


JIBU

Milele amina, dada.

Niruhusu nianze na padre aliyecheka, kwa sababu naona yule ndiye aliyekusukuma uandike huku. Hakupaswa kucheka. Mtu akikueleza kwamba alikuwa mbali na Kanisa miaka mingi na kuna sauti iliyomrudisha, hiyo ni habari ya neema, na neema haijawahi kuchagua mlango wa kupitia. Shukrani uliyonayo kwa yule bwana ni haki yako na usimruhusu mtu akutie aibu kwayo, awe padre au awe kaka yako.

Ila shukrani ni kitu kimoja, na kukubaliana naye katika kila alichosema baadaye ni kingine. Yule aliyekueleza tone la maji kwenye divai mwaka 2020 na yule aliyelia laivu mwaka 2023 ni mtu mmoja, lakini kazi alizokuwa akifanya ni mbili. Ya kwanza ni katekesi. Ya pili ni siasa za Kanisa. Unaweza kumshukuru kwa ile na bado ukamuuliza maswali kwa hii, wala hutakuwa umemsaliti.

Kama nimekuelewa, barua yako ina mafundo matatu: yale unayoyasikiliza wewe, yale unayoyapeleka kwa mama, na yale yaliyotokea pale mbele ya altare. Umeuliza zaidi kuhusu la kwanza, kama ni dhambi kusikiliza. Lakini uliposimulia, kalamu yako ilikaa kwa jirani: mkono juu, mtu wa nyuma hajui aende wapi. Hukuwepo siku ile, umesimuliwa tu, na bado umeiandika kama uliyeiona. Nadhani hapo ndipo panapokuuma.

Unasema umetafsiri tu. Tuliangalie hilo bila haraka. Kipindi cha yule bwana pengine ni cha saa nzima. Wewe unatoa dakika kumi. Ni nani anayechagua zipi? Yeye anaongea na maelfu asiowajua, wewe unaongea na mama yako, kwa sauti ya mwanawe, kwa lugha ya nyumbani, siku ya Ijumaa anayoingojea. Huko Houston yeye ni chaneli moja kati ya chaneli nyingi. Ukimchoka unabofya nyingine, na Jumapili ukichukia parokia moja unaendesha gari hadi nyingine. Kijijini hakuna chaneli ya pili. Voisi inaingia kwenye grupu la jumuiya ikiwa na uzito wa mtoto aliyeko Marekani, ambaye watu wanaamini ameyaona kwa macho. Mama hamsikii Mmarekani, dada. Anakusikia wewe. Hata usipoongeza neno, sauti yako ni nyongeza tosha.

Na ugomvi nao, ukisafirishwa, unabadilika. Kule ugomvi huu ulikotoka, Marekani, suala la kupokea kwa ulimi au mkononi limekuwa alama ya kundi. Mtu akikuona unavyopokea anakisia hadi unampigia nani kura. Kilimanjaro halikuwa hivyo. Kuna waliopokea kwa ulimi maisha yao yote na kuna wanaopokea mkononi, na wote walirudi nyumbani wakasaidiana kuvuna kahawa. Ugomvi huo ulipofika kwenu haukumkuta adui wake, ukamwangukia mtu wa karibu, ambaye hajawahi kufunika uchafu wa askofu yeyote.

Wakatoliki wa Marekani wameyapitia haya muda mrefu kabla ya YouTube. Padre Charles Coughlin wa Royal Oak, Michigan, alianza kuhubiri redioni mwaka 1926, na vipindi vyake vya mwanzo vilikuwa vya watoto. Miaka ya 1930 alikuwa na wasikilizaji mamilioni kwa mamilioni. Kidogo kidogo dini ikawa uchumi, uchumi ukawa siasa, siasa ikawa chuki dhidi ya Wayahudi, na wengi waliomwamini kwa sababu aliwafundisha sala wakaenda naye hadi huko. Mwaka 1942 askofu mkuu wake alimwamuru anyamaze kisiasa. Akatii, akaendelea kuwa paroko wa kawaida hadi mwaka 1966. Simfananishi mchambuzi wako na Coughlin kwa aliyoyasema. Sijui aliyoyasema yote. Nakuonyesha njia tu, jinsi inavyoanza kwa somo la watoto na jinsi msikilizaji asivyoiona kona inapokata.

Mlei mwenye chaneli hana askofu wa kumwondoa kwenye maikrofoni. Huo ni uhuru mzuri. Lakini chaneli inaishi kwa watu kutazama muda mrefu, kurudi kesho, na kuchanga. Ukishafundishwa toharani umefundishwa, hurudi kesho kwa ajili ya toharani. Ugomvi ndio unaokurudisha. Simwiti tapeli; mtu anaweza kuamini kila neno analosema na bado akajikuta mwaka hadi mwaka anasema lile linaloleta watazamaji. Na usidhani hili ni la upande mmoja. Wapo wachambuzi wa upande wa pili wanaowadhihaki bibi wanaopiga magoti na vijana wanaopenda Kilatini, na kejeli zao nazo zinalipa vizuri.

Wakatoliki wenyewe hawakubaliani kuhusu watu hawa. Wapo wanaosema bila kelele za walei na waandishi, mambo kama ya McCarrick, kardinali wa zamani wa Marekani aliyepatikana na kosa la unyanyasaji wa kingono, yangezikwa; na ni kweli kwamba aliondolewa kwenye upadre mwaka 2019, na ripoti ya Vatikani yenyewe ya Novemba 2020 ilikiri jinsi alivyopandishwa cheo huku minong'ono ikijulikana. Wapo wanaosema wachambuzi hawa wamemgeuza Papa kuwa kama kocha wa timu, wa kushangiliwa au kuzomewa kila wiki. Na wapo wanaosema chukua mafundisho, acha magomvi. Mimi niko karibu na hawa wa mwisho, ingawa naona wanalifanya lionekane jepesi. Ukiwa na imani na sauti ya mtu, kuitenganisha sentensi moja na nyingine si kazi ndogo, hasa saa kumi alfajiri umechoka.

Kuhusu woga wa kunyamaza: Kanisa halikudai unyamaze. Kanoni ya 212 ya Sheria za Kanisa inasema waamini, kadiri ya elimu na nafasi yao, wana haki, na pengine hata wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao juu ya mema ya Kanisa, na kuwajulisha waamini wengine pia. Inaongeza kwamba hilo lifanyike kwa kulinda imani na maadili, kwa heshima kwa wachungaji, na kwa kujali manufaa ya wote na utu wa watu. Sasa jiulize, ule ukweli unaouogopea kuunyamazia umemfikia nani? Askofu aliyefunika uchafu hajasikia voisi yako hata moja. Aliyeisikia ni mtu mwenye pikipiki.

Kwa kuwa mama ameingia kwenye jambo la Komunyo yenyewe, uyajue haya, maana sidhani mchambuzi wako aliyaeleza yote. Agizo la Vatikani la mwaka 2004 kuhusu Ekaristi, Redemptionis Sacramentum, linasema kila muumini ana haki daima ya kupokea kwa ulimi. Kwa hiyo kama paroko alimkataza mama hilo, paroko ndiye aliyekosea, na kaka anaweza kulisema kwa adabu. Agizo hilo hilo linakubali kupokea mkononi pale maaskofu walipoomba na Roma ikaridhia, na linakubali wahudumu walei pale penye uhitaji wa kweli. Na uhitaji kwenu unaujua: padre mmoja, vigango vingi. Mama angeweza kupokea kwa ulimi kutoka kwa jirani. Hakufanya hivyo. Basi mngoje atulie, umuulize: alichokikataa kilikuwa mkono, au alikuwa mtu? Anaweza kuwa hajajiuliza.

Nina swali jingine, gumu kidogo. Siku mama atakapoteleza na kuvunjika nyonga, akalala kitandani miezi, nani atamletea Komunyo kitandani? Padre akiwa na nafasi, padre. Wiki nyingine zote ni mhudumu.

Umeutaja ule waraka wa Desemba 2023. Hebu kumbuka ulimtafsiria mama nini Januari iliyofuata. Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya mabaraza ya maaskofu wa Afrika, alitoa tamko kwamba baraka hizo kwa watu wa jinsia moja hazitafanyika huku kwetu. Mara moja wachambuzi wengi wa Magharibi wakatangaza kwamba Afrika imemkataa Papa. Lakini tamko lenyewe lilithibitisha ushirika na Papa Fransisko, na kardinali alikuwa amekwenda kuongea naye na wahusika wa Roma kabla halijatoka. Maaskofu wetu walisema hapana, wakaisema ndani ya nyumba, wakabaki mezani. Kama mama alipata nusu ya habari hiyo, basi alinyimwa ile nusu ambayo ingemfaa zaidi, kwa sababu ndiyo inayomwonyesha kuwa mtu anaweza kukataa jambo bila kukatiza kanisa.

Mwisho wa ile njia nyingine nao upo wazi. Askofu mkuu Viganò alikuwa balozi wa Papa huko huko Marekani. Mwaka 2018 alitoa barua ya kumtaka Papa ajiuzulu, akaendelea, na Julai 2024 ikatangazwa kwamba ametengwa na Kanisa kwa kosa la farakano. Sisemi mama yuko huko. Akina mama watano kupiga magoti si farakano, na ningependa paroko wenu naye alijue hilo kabla hajatangaza tena. Kukosoa ni ruhusa. Kinachotenganisha ni kukataa ushirika na Papa na wale walio naye, na kwa udogo wake, kutokwenda jumuiya kwa jirani kunaelekea upande huo hata kama nia ni njema.

Umeuliza kama ni dhambi kumsikiliza. Sitakujibu ndiyo wala hapana, kwa sababu simsikilizi na siko moyoni mwako. Katekisimu, namba 2477 na 2478, inaonya kuhusu kuhukumu haraka, kusengenya na kusingizia, na inaomba kila mtu ajitahidi kuyapokea maneno ya mwenzake kwa tafsiri iliyo nzuri kadiri inavyowezekana. Papa Fransisko naye, katika Wosia wa Kitume wa mwaka 2018 kuhusu utakatifu, aliandika kwamba hata kwenye vyombo vya habari vya Kikatoliki watu huvuka mipaka ya kashfa na matusi. Hicho ni kipimo unachoweza kukitumia juu yake, lakini kitumie juu yako pia. Umeandika kwamba ulianza kusali rozari kwenye gari ukitoka zamu. Hukuandika kama bado unasali, au siku hizi kwenye gari unamsikiliza yeye. Labda ulisahau tu. Mimi ningeanza kujichunguza hapo kabla ya kwenda kwenye maswali makubwa ya nani ni Papa wa kweli.

Sasa voisi. Ukiendelea kama ulivyo, mzozo utakua, na kaka ndiye atakayeulipia. Ukikata ghafla, mama atadhani umetishwa. Atakuwa shujaa wa mwanawe aliyenyamazishwa, na atatafuta sauti nyingine, na za Kiswahili zipo, baadhi kali kuliko ya Mmarekani. Juu ya hilo mtakuwa mmepoteza Ijumaa yenu, na Ijumaa yenu haina kosa. Mimi nasoma kwamba mama anampenda mchambuzi kwa sababu anakuja kwa sauti yako. Huenda hata ukimsomea Injili ya Jumapili na kumweleza ulivyoielewa, naye akaeleza alivyoielewa, angechambua maharage vile vile.

Wengine watakushauri uendelee kumtumia mafundisho, uache magomvi, kimya kimya. Inavutia, lakini ina kasoro: utakuwa unamchagulia mama cha kusikia bila yeye kujua, na mama ni mtu mzima. Akija kugundua, atauliza kwa nini ulimficha. Ningependa zaidi umwambie waziwazi kwamba unaanza kuwa na maswali. Hilo nalo lina gharama. Amekutetea mbele ya paroko na mbele ya grupu zima. Ukirudi nyuma, anaweza kuona umemwacha peke yake uwanjani. Kwa hiyo usianze kwa kumwambia alikosea. Anza kwa kumwambia kwamba ulivyosikia jirani alivyobaki amesimama, wewe binafsi hukulala. Kama ni kweli, ataisikia.

Kuhusu jirani, usimpigie bila maandalizi. Kwenye mambo ya aibu ya hadharani watu wetu wanahitaji mtu wa kati, na simu kutoka Marekani inaweza kuonekana ya kibosi. Mwenyekiti wa jumuiya yupo, mkubwa wa WAWATA yupo, kaka yupo. Kuna uwezekano jirani hataki mkutano wala maneno, anataka tu jumuiya ije kwake na mama awemo. Au bado ana hasira na anahitaji muda. Wanaoweza kujua ni wale wanaomwona kila siku akipita na majani ya ng'ombe, si wewe wala mimi.

Na mtafute padre mwingine wa kuongea naye huko Houston, usiishie kwa yule. Si lazima awe wa upande wowote, awe tu na muda wa kukusikiliza. Mweleze mambo yote mawili, kwamba yule bwana alikurudisha na kwamba mama amemkatiza jirani. Ukimwambia nusu moja tu, atakujibu nusu moja.

Kabla ya yote mpigie kaka, hasira yake ikiwa imepoa kidogo, umuulize hali ilivyo sasa hivi pale mpakani. Ijumaa usirekodi kitu. Mpigie mama simu ya kawaida. Akiuliza voisi iko wapi, mwambie wiki hii unataka kumsikiliza yeye, akusimulie siku ile ilikuwaje, hadi alipofika nyumbani.

Mshauri